Watoto wa kurasa zilizopotea

Bwenini kwetu kitabu kimoja cha Mills & Boon kilisomwa na wasichana sita kwa wakati mmoja. Tulikichana. Mwenye kitabu alichukua wembe, akaupitisha kwenye uti wake, kikatoka vipande sita, na kila kipande kikafichwa ndani ya daftari la Baiolojia au Jiografia. Usiku wa prepo ungekuta darasa zima limetulia kimya, mwalimu wa zamu anapita nje akijisifu. Aliyemaliza kipande chake alimpasia jirani. Kwa hiyo wengine tulianza hadithi katikati, wapenzi wameshanuniana, halafu wiki ijayo ndipo tukajua walikutana wapi. Kwa mtu aliyekuja kufanya kazi ya gazeti hayakuwa maandalizi mabaya.

Shida ilikuwa kipande cha sita. Hicho kilikuwa hakifiki. Ama matroni amekikamata, ama kimelowa, ama kiko kwa dada wa kidato cha nne ambaye huwezi kumdai kitu. Basi mwisho tukawa tunautunga wenyewe, taa zikishazimwa. Na kwa kuwa harusi haikuwa na ubishi (kila mtu anajua hadithi zile zinaishia kwenye pete) hatukuipotezea muda. Tulikimbilia watoto.

"Wa kwanza wa kiume," mtu alisema gizani. "Macho ya baba yake."

Siku zote macho ya baba. Sijui kwa nini hakuna mtoto aliyewahi kupewa macho ya mama. Tuligombania idadi, tuligombania mapacha, na zaidi tuligombania majina, maana majina tuliyoyajua ni ya ndugu zetu. Tajiri wa Kigiriki mwenye visiwa vyake na sekretari wake kutoka London walipata mtoto wa kiume anayeitwa Godlisten na wa kike anayeitwa Neema. Godlisten alisomea udaktari. Hakuna aliyecheka, tulikuwa tumemaanisha.

Mchezo ule nimeendelea nao hadi leo, nina miaka thelathini na kitu na binti wa miaka minne. Sisemi kwa aibu. Najua humu tuko wengi: unamaliza riwaya ya mapenzi saa nane ya usiku, unaiweka kifuani, na kabla ya kuzima taa umeshawazalia wale watu watoto watatu na kuwapeleka shule. Ila hivi karibuni mchezo umeniharibikia, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Ilianza na Jane Eyre. Nilikuwa nairudia, nikafika sura ya mwisho, pale ambapo Jane anatuambia kwamba Rochester amepata kuona kidogo kwa jicho moja, na kwamba mtoto wao wa kwanza alipowekwa mikononi mwake aliweza kuona kuwa kijana amerithi macho yake, meusi, makubwa, yenye kung'aa, kama yalivyokuwa kabla ya moto. Hebu fikirieni. Mwaka 1847 Charlotte Brontë aliandika kilekile tulichokuwa tunakitunga bwenini: wa kwanza wa kiume, macho ya baba. Nikafurahi kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake wa zamani. Halafu nikagundua kitu nilichokipita mara zote nilipokisoma kile kitabu. Yule mtoto hana jina. Jane ameolewa miaka kumi anapotusimulia, kwa hiyo kijana ni mkubwa wa kutosha kukimbia bustanini na kuvunja vitu, lakini hatumsikii akisema neno. Amezaliwa ili baba yake amwone, basi. Akishaonekana, kazi yake imekwisha, na kitabu kinageukia mambo ya mchungaji St. John kule India.

Nikaanza kuwaangalia na wengine. Julia Quinn, katika riwaya ya mwaka 2000 ambayo wengi mmeijua kupitia Bridgerton ya Netflix, anatuonyesha Simon aliyeapa kutopata mtoto kabisa ili ukoo wa baba yake ufe naye. Huo ndio mgogoro wa kitabu kizima. Ukifika mwisho unakuta Simon na Daphne wana Amelia, Belinda, Caroline, kisha David. A, B, C, D. Nacheka kila nikikumbuka, lakini ni cheko la mtu anayeona orodha ya mahudhurio darasani. Stephenie Meyer naye, katika kitabu cha nne cha Twilight, aliwapa Bella na Edward mtoto mwenye jina lililounganishwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Renée na Esme, na akahakikisha mtoto anakua kwa kasi ya ajabu. Miezi michache tu anaongea na kusoma. Nilipokuwa na binti wa miezi mitano anayeota meno nilimwelewa Meyer vizuri sana.

Aliyekataa kutuficha ni Tolstoy. Katika tamati ya Vita na Amani, Natasha, yule msichana aliyecheza dansi tukampenda sote, ameolewa na Pierre, ana mabinti watatu na mtoto wa kiume, amenenepa, hachani nywele, na furaha yake kubwa ni kutoka mbio chumba cha watoto na nepi mkononi kuwaonyesha watu kuwa doa limekuwa la manjano badala ya kijani. Niliisoma nikiwa na miaka 22, chuo kikuu, nikakasirika kiasi cha kutaka kumwandikia barua marehemu. Niliona amemwua. Miaka kadhaa baadaye, saa tisa usiku, nimeshika nepi chini ya taa ya simu, umeme umekatika, nimeona rangi ya manjano baada ya siku tatu za kijani, nikamwamsha mume wangu. Akasema "hongera" akalala tena. Bado nadhani Tolstoy alikuwa na ubaya fulani katika jambo hili, maana Pierre anabaki na mawazo yake na safari zake, lakini kuhusu doa hakudanganya.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Miezi miwili iliyopita binti yangu aliniuliza, kwa sauti ya afisa upelelezi, mimi na baba yake tulikutana wapi. Nikamsimulia: kwenye foleni ya daladala Mwenge, mvua, mwavuli uliogeuka nje ndani. Alipenda sana habari ya mwavuli. "Halafu?" Nikamwambia habari ya posa. "Halafu?" Nikamwambia habari ya harusi, keki, babu akicheza. "Halafu?" Nikasema, "Halafu ukazaliwa wewe." Akaridhika, akaenda kucheza.

Mimi sikuridhika. Sentensi ile ninaijua. Nimeisikia maisha yangu yote, na kwa sauti ileile.

Wazazi wangu ni watu wenye hadithi. Mama ni wa Muheza. Baba alitoka Bukoba, mwalimu wa ajira mpya aliyepangiwa shule ya kijijini kwa kina mama. Bibi hakumtaka: mtu wa mbali, anakula ndizi kila siku, nani atamjua kwao? Baba akahamishiwa Sumbawanga. Kwa miaka miwili waliandikiana barua, kila moja ikichukua wiki mbili au tatu njiani. Mwaka 1988 alirudi likizo, akashuka Muheza usiku, akatembea hadi kijijini kwenye mvua, viatu mkononi ili visiharibike, akasimama kwenye baraza ya bibi miguu imejaa tope. Bibi akamwangalia miguu, akasema mwiteni aoge. Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Hadithi hii mama wadogo zangu wameisimulia kwenye kila harusi na kila msiba. Viatu mkononi! Wanasimama kabisa kuonyesha alivyovishika. Na siku zote wanaishia palepale, halafu mmoja ananigeukia, ananishika kidevu: "Na tunda lenyewe la penzi hili hapa."

Tunda la penzi nilikuwa na miaka 11 waliposhindwana. Sitasema mengi, wote wawili wapo hai na mmoja anasoma blogu hii. Hakukuwa na kelele, ndilo ninaloweza kusema. Baba alianza kula chumbani. Mama alianza kumwambia mambo kupitia mimi: mwambie baba yako maji yamekatika. Mwaka mzima nilikuwa shirika la posta, naishi nyumba moja na watu wawili walioandikiana barua miaka miwili bila kuchoka. Halafu sanduku, halafu basi la Mwanza. Mama wadogo walikuja, wakalia, na Krismasi iliyofuata mmoja wao akasimulia habari ya viatu. Mama alikuwa jikoni akiisikiliza. Alicheka kwenye sehemu ya kuchekesha.

Kwa hiyo ninapowatungia kina Darcy watoto, kuna swali ambalo nimekuwa nalikwepa tangu bwenini, nalo ni kwamba mimi najua hasa mtoto huyo anakuwaje. Ndiye mimi. Mtoto wa watu waliopendana sana ana kazi ambayo hakuiomba: anatembea akiwa risiti. Watu wakimwangalia wanahakikisha kuwa bidhaa ilinunuliwa kweli. Na risiti haitakiwi kuwa na maoni kuhusu bidhaa.

Jane Austen, nadhani, alilijua hili kuliko sisi mashabiki wake. Mpwa wake, James Edward Austen-Leigh, ameeleza katika kumbukumbu alizochapisha baada ya nusu karne kwamba ndugu wakimwuliza shangazi yao yaliyowapata wahusika wake baadaye, aliwajibu. Kitty Bennet aliolewa na kasisi karibu na Pemberley. Mary hakupata mkubwa zaidi ya karani mmoja wa mjomba wake. Majibu ya mzaha, mazuri. Lakini katika yale aliyoyahifadhi mpwa huyo hamna mtoto hata mmoja wa Elizabeth na Darcy. Na ukikirudia kitabu utaona kwamba mtoto wa mapenzi ameshaandikwa, yumo tangu ukurasa wa kwanza, ni Elizabeth mwenyewe! Baba yake alimwoa mama yake kwa kuvutiwa na ujana na uzuri. Ilikuwa ni ndoa ya mapenzi, si ya mipango. Tunapowakuta, mapenzi yamekwisha zamani, baba amehamia maktaba, anatoka tu kumdhihaki mkewe mbele ya mabinti. Elizabeth anayaona hayo na yanamuuma, Austen anatupa aya kadhaa za jambo hili katikati ya kitabu. Yule msichana anayemkataa mwanaume mwenye paundi 10,000 kwa mwaka amekulia kwenye nyumba ambapo mmoja anakula na mwingine anasoma. Mimi na yeye tungeelewana kwa dakika tano.

Huwa wasomaji wenzangu wakijadili Darcy, wanaona kiburi, wanaona fedha, wanaona ile barua. Mimi siku hizi naona mtu ambaye binti wa Bwana Bennet amemchunguza kama fundi anavyochunguza mbao iliyowahi kupinda. Na hapo ndipo mchezo wangu unapata utamu mpya: binti yao wa kwanza (nimeamua ni wa kike, macho ya mama, imetosha) angekua akisikia nini? Dada wa baba yake, Georgiana, angemsimulia habari ya barua. Shangazi Lydia angesimulia toleo lake. Bibi Bennet angemshika kidevu. Ningependa kujua kama kuna mtu katika nyumba ile kubwa angemwambia mtoto kwamba mara ya kwanza baba yako alipomposa mama yako alimtukana.

Kwetu mchezo huu ni mgumu zaidi. Wanandoa na wapenzi wetu wa riwaya za Kiswahili hawaachiwi nafasi ya kulea. Kezilahabi katika Kichwamaji (1974) hakutaka hata tujaribu. Kuzaliwa kwa mtoto mle si jambo la kuwekwa kwenye picha ya ukutani. Wanaonisumbua zaidi ni Yasmin na Denge wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, akakimbia, na kijana wa Unguja aliyerudi kutoka masomoni Urusi kichwa kimejaa mapambano. Mtoto ninayemsema hapa ni wa kichwani mwangu, msimtafute kitabuni, na mwisho wao sitawaharibia wasiosoma wala waliongoja filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ndipo wawajue.

Huyu wangu nimemzaa kama mwaka 1958. Anayemlea ni Mwajuma, hilo sina shaka nalo, mama na baba wakiwa na shughuli zao. Anakua Ng'ambo anaimba taarabu kabla hajajua kusoma. Uhuru unapokuja, Desemba 1963, ana miaka mitano. Mwezi mmoja baadaye, asubuhi ya tarehe 12 Januari, anaamka kwenye mapinduzi. Macho ya baba au ya mama? Bwenini lilikuwa swali la urembo. Unguja ya mwezi ule, rangi ya mtoto na sura ya mama yake ni mambo ya kukufanya ukae ndani na ufunge mlango. Nimejaribu kumpeleka Mombasa kwa ndugu, nimejaribu kumwacha aone baba yake akishangilia. Akiwa wa kike anafika miaka 12 mwaka 1970, mwaka ambao wasichana wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali visiwani. Kila nikifika hapo nasimamisha mchezo, nafanya kitu kingine.

Na bado narudi. Huyu ndiye pekee kati ya watoto wangu wa kutunga ninayemwona akinijibu. Ananiuliza walinipenda wao kwa wao au walinipenda mimi.

Mwezi uliopita mama alikuja Dar kuonana na daktari wa macho (ndiyo, macho tena) akakaa kwetu wiki tatu. Siku moja alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, nikamwuliza zile barua ziko wapi. Nilikuwa na wazo la kiandishi, nisidanganye, nilitaka kuzitumia.

"Nilizichoma mwanangu. Mwaka ule."

"Zote?"

"Zote. Ila kuna karatasi moja ilibaki, nilikuwa nimepiga hesabu ya mabati nyuma yake."

Aliporudi Muheza aliikuta ndani ya kitabu cha nyimbo, akampa kondakta wa basi kwenye bahasha. Ni karatasi ya katikati ya barua, ukurasa wa tatu na wa nne. Haina mwanzo wala mwisho. Inaanzia katikati ya sentensi, kama vipande vyetu vya bwenini. Na baba yangu, kijana wa miaka 26 Sumbawanga, anafanya nini kwenye karatasi hiyo? Anatunga watoto. Wanne. Wa kwanza wa kiume, atakuwa mpima ardhi. Wa pili wa kike, atakuwa na sauti ya mama yake. Wa tatu wa kiume, wa nne wa kike, hawa wawili hajaamua watasomea nini. Nyumba itakuwa na mapera, Muheza au Bukoba, "tutashauriana". Kila mtoto ana jina.

Langu halimo. Mimi nilipewa jina la bibi, ilikuwa sehemu ya kumalizia yale ya miguu yenye tope. Lakini jina la tatu nalijua. Ni la mdogo wangu, mtoto wa baba kwa mke wake wa sasa, kule Mwanza. Ana miaka 19.

Nilimpigia mama simu. Nikamwuliza kama alikuwa anajua.

"Nilijua tangu alipobatizwa. Baba yako alinipigia, akaniambia nimempa jina lile, usikasirike."

"Ukasemaje?"

"Ningesema nini? Jina zuri. Lingekaa tu kwenye karatasi?"

Halafu akaniuliza kama mjukuu wake amekunywa dawa ya minyoo.

Nyuma ya karatasi kuna hesabu zake: mabati 24, misumari, kofia za paa, nauli ya mkokoteni. Wino wake umepenya hadi upande wa pili, kwa hiyo ile mapera ya baba inasomeka kwa shida. Mdogo wangu sijamwambia. Tunaandikiana WhatsApp, zaidi habari za mpira, yeye Simba, mimi Yanga. Jumamosi nilipiga picha ile karatasi, nikaiweka kwenye dirisha la ujumbe, nikaandika jina lake, nikafuta. Kabla sijafunga simu yeye akatuma, anauliza kama nimeona penalti tuliyopewa. Nikamjibu nimeiona, na ilikuwa halali.